Simulizi za jini mahaba na familia: utoe kila siku kwenye grupu au umalize kitabu kwanza?

Jamani nyie mnaonifuata inbox "dada mi naandika simulizi za majini ila nyumbani hakukaliki, we unawezaje", leo naandika yote kwa mpigo maana nimechoka kutuma voisi zilezile kila wiki. Mwenzenu huu mwaka wa sita kwenye hizi kazi, naandika jini mahaba tu, zile za binti kapendwa na kiumbe asichokiona na kila mchumba anayekuja kuposa anakimbia kabla ya mahari, na wakati huohuo nina mume, nina wawili wa shule na mmoja bado ananyonya, tunaishi Mbagala vyumba viwili na sebule, na mama mkwe akitoka Pangani kuja kututembelea hakai chini ya miezi miwili. Kwahiyo nikisema nafasi ya kuandikia sizungumzii ofisi yenye mlango wa kufunga, nazungumzia pembeni ya meza ya chakula, kulia kuna daftari la hesabu, kushoto kikombe cha uji.

Wengi mnaanza kwa kuuliza saa. Niandike saa ngapi, usiku au alfajiri? Saa tutafika, ila mi naona mnaanzia mkiani. Cha kuchagua kwanza ni namna unavyoitoa kazi kwa wasomaji, maana hiyo ndo inaamua jioni yako ni ya nani. Mi nimepita kote, miaka mitatu na kitu nilikuwa natoa kila siku, alafu nikakaa mwaka na zaidi natoa kitabu kizima tu, na sasa hivi niko katikati. Naziweka zote mezani ujipimie.

Kila siku kwenye grupu

Hii wote mnaijua. Unaanza bure facebook sehemu ya kwanza mpaka ya kumi, binti kaenda kuchota maji kisimani saa saba mchana, kasikia harufu ya udi na hakuna mtu, karudi nyumbani ana pete kidoleni haivuliki. Watu wanakolea. Ukifika ya kumi unakata palepale mlango unapofunguka wenyewe, unaandika ITAENDELEA na namba ya kulipia, anayetaka mwendelezo anaingia VIP, yaani grupu la WhatsApp la waliolipa. Mi nilikuwa nachaji elfu mbili kwa simulizi nzima, sehemu 40, siku 40. Nikipata watu 120 hiyo ni laki mbili na arobaini, bando sijatoa.

Uzuri wake nausema bila kinyongo. Hela inaingia kabla kazi haijaisha, leo umeandika kesho kuna mchele. Meseji ya muamala inalia mezani wote wanasikia, kwahiyo mume na wifi na jirani aliyekuja kuomba chumvi wanaelewa kwamba huyu hachezi na simu, yupo kazini, na hili watu hawalisemi ila kwenye familia zetu lina uzito kuliko hata hela yenyewe. Alafu wasomaji wanakuendesha, kama we ni mvivu wa kumaliza vitu, watu mia wakiandika "dada tuna arosto shusha vitu" utamaliza tu. Na unaona palepale wanachokipenda, kuna jini mmoja nilipanga afe sehemu ya 18, watu walivyolia nikamuacha, na ndo huyo akaja kuwa mume.

Sasa ubaya. Ukishapokea elfu mbili ya mtu una deni, na deni la kila siku halijui kama mtoto kaumwa.

Niwape siku moja tu. Wa pili alikuwa na homa, tumekaa kwenye benchi la zahanati tangu saa nane mchana tunasubiri majibu ya malaria, mtoto kalala mapajani, mkono mmoja nimemuwekea kwenye paji la uso, mwingine natype kwa dole gumba sehemu ya 27, ile jini anamwambia binti maneno matamu ufukweni mwezi umetoka. Muuguzi kaita jina la mwanangu mara mbili sijasikia. Mama mmoja wa pembeni ndo kanigusa bega, "dada si wewe unaitwa?" Nainuka macho ya watu yote yapo kwangu, na meseji nayo ikaingia palepale, msomaji anasema dada leo umechelewa na sisi tumelipa. Na hajakosea. Kalipa kweli.

Alafu kazi haiishii kwenye kuandika. Sehemu ya maneno elfu moja mi inanichukua kama saa moja na nusu. Baada ya hapo kuna wa kumuunganisha, kuna aliyelipa muamala hauonekani, kuna aliyepoteza simu anataka utume upya kuanzia ya 11, kuna wawili wanatukanana kwenye grupu kisa nani anamfaa binti, unashtuka saa mbili zingine zimeenda na hujaandika hata neno. Na wasomaji wangu wengi ni madada wanaofanya kazi za ndani Oman, kule wako mbele yetu saa moja, wanamaliza kazi za watu usiku ndo wanashika simu, kwahiyo muda wao wa kupumua ndo muda wangu wa kulaza watoto. Baba watoto aliwahi kuniambia, wala hakukasirika, alikuwa anavua viatu tu, "Bora ungeajiriwa ulinzi wa usiku, ningejua zamu yako inaisha saa ngapi."

Kuna watu wanaamini simulizi ikikaa siku mbili inapoa. Mliokuwa mnasoma magazeti ya Ijumaa, Uwazi, Risasi mnakumbuka, hadithi ilikuwa inakatwa pale patamu kabisa na unasubiri wiki nzima, na watu walisubiri, na gazeti walinunua. Hii ya kila siku tumejiletea wenyewe na simu zetu.

Kitabu kizima kwanza

Hapa hutangazi, hupost, unaandika mpaka mwisho, unasoma upya, unatengenezewa kava, unauza PDF elfu tatu. Kasi yangu nikiwa na watoto ni maneno 700 kwa siku, siku tano kwa wiki, hiyo ni 3,500, kwahiyo simulizi ya maneno 40,000 inakula wiki kumi na moja na nusu, karibu miezi mitatu. Ndani ya hiyo miezi mtoto akiumwa unafunga simu na hakuna anayekudai. Jioni inarudi kuwa jioni. Mi Jumapili nilirudi kusukuma chapati kwa mkono wangu, kabla ya hapo miaka mitatu tulikuwa tunanunua za kona na nilishasahau kama najua.

Na kazi inatoka safi, hapo sina ubishi. Kwenye ile ya kila siku niliwahi kumzika baba wa binti sehemu ya 9, sehemu ya 31 nikamkalisha barazani anakunywa chai. Watu wakaandika "mamaaa ni mzimu", nikajibu ndiyo ni mzimu, ikabidi nitunge habari nzima ya mzimu ambayo sikuwa nayo kichwani. Ukiandika kitabu kizima unarudi nyuma unamfufua kimyakimya, hakuna anayejua.

Mnapenda sana kunitolea mfano wa Stephenie Meyer, yule mama wa Marekani wa Twilight. Mfano mzuri ila usomeni vizuri. Alikuwa mama wa nyumbani Arizona ana wavulana watatu wadogo, akaota ndoto tarehe 2 Juni 2003, na hiyo tarehe anaikumbuka kwa sababu ndo siku watoto walikuwa wanaanza mafunzo ya kuogelea, akaanza kuandika siku hiyohiyo, kwa miezi mitatu kamaliza zaidi ya maneno laki moja, kitabu kikatoka 2005. Sawa. Ila ujue hakukuwa na mtu hata mmoja anamdai sehemu ya 12. Mwanzoni hata mumewe hakujua kinachoendelea, anashangaa tu mke kang'ang'ania kompyuta. Na huyo mume alikuwa na kazi.

Hapo kwenye kazi ya mume ndo uchungu wa kitabu kizima ulipo. Miezi mitatu haiingii kitu. Unaonekana umeinamia simu mchana kutwa na hakuna mlio wa muamala, wifi anauliza "hivi bado unaandikaga?", na baba watoto ambaye ni fundi friji, kazi zake zenyewe za msimu, msimu wa joto zinakuja msimu wa mvua zinapotea, anauliza kwa upole "hii ya sasa hivi inaleta lini?" Mwezi wa pili nilikopa kikoba nikalipa mchango wa shule. Alafu kuna kukata tamaa, mi nina faili tatu zimefia njiani kwenye sehemu ya 20 huko kwa sababu hakuna aliyekuwa ananisubiri.

Kwa hela tusidanganyane, kila siku inashinda. PDF mwezi wa kwanza nilikuwa nauza kama sabini, hiyo ni laki mbili na kumi kwa kazi ya miezi mitatu, ukilinganisha na laki mbili na arobaini ya siku 40. Ila PDF haifi, mpaka leo kuna za zamani zinauza moja mbili kwa wiki bila mi kufanya chochote. Za grupu nazo unaweza kuzigeuza PDF baadae, ila kwa hali ile ya baba kufa na kunywa chai unajikuta unaandika upya.

Na wizi upo kote. Kwenye grupu wanaiba kipandekipande na we ulishakusanya hela, kwenye PDF mmoja analipa elfu tatu keshokutwa ipo Telegram yote. Yangu moja niliikuta kwenye chaneli ya mtu kafuta jina langu kaweka lake, na watu wanampongeza. Kisheria kazi ni yako tangu ulipoiandika, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haisemi mpaka usajili, ila ukiwa umesajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, unakuwa na karatasi ya kuonyesha, na kwenye ugomvi karatasi inasaidia kuliko kulia kwenye status.

Nilipo mimi: akiba

Sasa hivi naandika sehemu 15 kimya bila kumwambia mtu. Kwa kasi yangu hiyo ni mwezi na siku chache bila kuingiza kitu, na mwezi mmoja tunauvumilia, mitatu hapana. Nikishakuwa nazo 15 ndo naanza kutangaza, alafu natoa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Hesabu yake ndo naipenda: natoa maneno elfu tatu kwa wiki, naandika elfu tatu na mia tano, kwahiyo kila wiki nusu sehemu inabaki ghalani. Wiki ya nane nimemaliza kuandika zote 40 na wasomaji bado wana wiki tano na kitu za kusoma. Hizo wiki tano mi nipo nyumbani kama mtu, hela bado inaingia. Mtoto akiumwa wiki nzima, sehemu tatu na nusu sijaandika, akiba imeshuka, na kwenye grupu hakuna aliyejua kama nililala zahanati.

Na grupu nimelifunga, admini tu ndo anaandika, nafungua Jumamosi saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni wapige kelele zao tucheke, nafunga. Hilo peke yake limenirudishia saa nyingi kuliko mbinu yoyote ile. Orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast) mi niliiacha, inaishia watu 256 na asiyesevu namba yako haimfikii, alafu anakulalamikia. Grupu linabeba mpaka 1,024.

Kasoro yake ni kwamba wapo wanaotaka kila siku na hawatabaki, wataenda kwa mwingine. Kweli, wanaenda. Kama we huna kipato kingine kabisa, mume naye hana, na mtoto wako mdogo ameshaanza shule, mi siwezi kukukataza kila siku, fanya miezi minne mitano ujenge jina na watu, ila jiwekee tarehe ya kuacha. Kama una ajira au duka na unaandika kwa mapenzi tu, nenda kitabu kizima usijitafutie presha. Wa kunyonya ndani ya nyumba? Usithubutu kila siku. Nakwambia nikiwa nimeshaifanya.

Usiku au alfajiri

Usiku inatoka nzuri, tuseme ukweli. Jini gani anaandikwa saa nne asubuhi kuna muuza samaki anapita anapiga kelele? Usiku nimeandika vitu mpaka mwenyewe nikaogopa kutoka kwenda msalani. Ila nyumba yenye watu ina mambo yake.

Kuna siku mama mkwe kaamka saa nane usiku akanikuta sebuleni taa imezimwa, uso unawaka mwanga wa skrini, na mi nikiandika wanapoongea lazima nijisikie, kwahiyo nanong'ona peke yangu gizani, "njoo kwangu, hao si watu wako". Kasimama mlangoni.

"Mwanangu, unaongea na nani?"

"Naandika mama."

Hakusema kitu, karudi kulala. Kesho yake alasiri nimetoka sokoni nakuta chetezo sebuleni, ubani umejaa nyumba nzima hata ukuta wa pili huuoni, mama anakizunguka kile kiti ninachokalia, kazunguka mara ya tatu alafu akahamia kwenye laptop, moshi unaingia kwenye kibodi. Nikamwambia mama hiyo ni kompyuta tu. Akanijibu, "Najua. Si ndo inakopitia?"

Nilicheka ila nilimuelewa. Kwake yeye jini mahaba si simulizi, ni kitu kimeshaharibu ndoa za watu anaowajua kwa majina, na mkwe wake anakiita saa nane usiku kwa sauti tamu. Hapo ukijifanya msomi utaharibu nyumba. Nilihamia alfajiri, na sikumwambia ni kwa ajili yake.

Alfajiri inaanza saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili kasoro robo, hapo naamsha watoto wa shule. Ni saa moja na robo, maneno 700 yanapatikana na siku nzima inakuwa imeshalipwa, hata umeme ukikatika mchana huna presha. Ubaya ni kwamba kulala lazima ulale saa tatu na nusu, na mume akitaka maongezi ya saa nne anakuta gogo. Hilo tuligombana, tukakubaliana Ijumaa na Jumamosi siandiki kesho yake, maongezi yote yanahamia huko. Kuna mzee mmoja wa Uingereza karne ya 19, Anthony Trollope, alikuwa mfanyakazi wa posta na aliandika alfajiri kuanzia saa kumi na moja na nusu kabla ya kazi, saa iko mezani, maneno 250 kila robo saa, na alikuwa anamlipa mtumishi wake pauni 5 za ziada kwa mwaka amuamshe na kahawa. Mi naamshwa na wa kunyonya, bure, na kahawa hana.

Ukiwa na kichanga kabisa, wiki zile za mwanzo, alfajiri na usiku ni kitu kimoja, sahau. Nilikuwa narekodi tu mawazo kwa sauti huku nanyonyesha, nikaja kuyaandika baadae. Na Ramadhani sitoi simulizi, wanasema mashetani yamefungwa, basi na mi nimefunga.

Jina lako au la kificho, na nani ajue nyumbani

Jina la kificho linakuokoa na shemeji, mwalimu wa madrasa wa watoto na majirani. Jina lako linakupa heshima na watu wanaokujua ndo wanakuwa wanunuzi wa kwanza. Mi nilichagua kificho na nikajiona mjanja, mpaka msomaji wa kwanza alivyotuma hela na jina langu kamili la kwenye usajili wa laini likamtokea kwenye skrini kabla hajabonyeza kuthibitisha. Siku mbili mtaa wote wa facebook unaniita kwa jina la baba yangu. Kama unataka kificho kweli tafuta lipa namba yenye jina la biashara, vinginevyo utakuwa umejificha nyuma ya pazia la neti.

Ila nyumbani usifiche, hapo sina mjadala na mtu. Mke anayekaa na simu saa kumi alfajiri akicheka peke yake na hasemi anachofanya, hiyo simulizi nyingine kabisa, na haina jini ndani yake.

Kumwambia ni jambo moja, kumsomesha ni lingine. Mi nilimpa baba watoto asome moja mwanzo mpaka mwisho. Kasoma siku tatu, kanirudishia simu, kasema, "Huyu jini anaoga maji ya marashi, hakopi, hakasiriki, anajua mke anataka nini kabla hajasema. Mi narudi nanuka gesi ya friji. Sasa mi nisemeje?" Alikuwa anatania nusu. Tangu hapo hasomi, ananiuliza tu imeuza ngapi, na imetufaa hivyo. Shoga yangu mmoja naye anaandika, mumewe ndo msomaji wake wa kwanza, anamsahihishia mpaka nukta. Kwahiyo mjaribishe na sehemu moja ya kutisha isiyo na mahaba, uone uso wake ukoje, ndo uamue.

Watoto hilo si la kuchagua, weka pasiwedi. Wa kwanza wangu alivyofika darasa la pili na kusoma kumekolea, anasoma kila kitu, kopo la mafuta, bango la daladala, akaikuta simu yangu wazi mezani tuna wageni, na kwa ile sauti ya kusoma darasani kidole kinafuata mstari, "Ji-ni a-ka-m-shi-ka ki-u-no." Mama mkwe alikuwepo. Kaka wa mume wangu alikuwepo.

Simu au laptop? Jibu lake fupi, mwenye watoto wadogo aandikie simu kwenye faili inayojihifadhi mtandaoni, laptop iwe ya kusahihishia. Laptop ukiifungua sebuleni watoto wanajua mama hayupo na ndo wanaanza kupigana.

Kama umeshaanza kila siku na umechoka

Usipotee. Wanaopotea sehemu ya 23 ndo wanatuharibia wengine, mtu akiona VIP tu anakwambia nilishaliwa. Mi niliwaandikia hivi: "Wapendwa, kuanzia Jumatatu simulizi itatoka mara tatu kwa wiki, Jumatatu Jumatano Ijumaa saa mbili usiku, nina kichanga. Itaisha, naahidi. Asiyeweza kusubiri anicheki namrudishia hela yake yote." Nikaizima simu nikaenda kuogesha mtoto, mikono inatetemeka kama nimeandika barua ya kuacha kazi.

Kati ya 120 walidai hela tisa, nikawarudishia siku ileile elfu mbilimbili zao. Kumi na nne wakatoka kimya. Walibaki 97, na mmoja wa kule Oman akaandika "afadhali dada, na mi ntalala." Jumanne ya kwanza ambayo sikuwa na sehemu ya kutoa, saa mbili usiku mkono ukaenda wenyewe kwenye simu. Nikakuta meseji moja tu, mtu anauliza bei.